Kiondo Kilichokwenda Ufaransa

Wiki iliyopita mgeni kutoka nyumbani aliniletea kiondo cha mama. Nilimfuata kwa wenyeji wake huko Alexandria, hapa hapa Marekani, tukaulizana habari za mvua na za wagonjwa, kisha akanikabidhi kiondo, mdomo umefungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mbaazi kavu za Kangundo, zimechambuliwa vizuri, hakuna jiwe hata moja. Nilipofika kwangu hapa Columbia nilizimimina kwenye ndoo, halafu nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Niliingiza uso wangu ndani ya kiondo nikavuta pumzi.

Mtu mwingine angesikia harufu ya katani na moshi wa jikoni kwa mama. Mimi nilisikia vitunguu. Najua haiwezekani, miaka imekwenda, mama amestaafu na kurudi kwao, na kiondo kimebeba mengi tangu hapo. Lakini masikio yaliniwaka moto nikiwa peke yangu jikoni, mtu mzima na nywele zangu za mvi mbili tatu, nikaona haya vilevile nilivyoona nikiwa darasa la nane.

Tulikuwa tunaishi mimi na mama upande wa magharibi wa Alexandria, ghorofa ya tatu, katika majengo ambayo ukipanda ngazi jioni pua inajua nani amekaanga nini. Mama alikuwa anatunza wazee katika makao yao. Alinisemesha Kiswahili, nami nikamjibu Kiingereza, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikuja kukisomea chuo kikuu, College Park, nimekaa kwenye dawati na Wamarekani walionizidi kukijua. Hiyo ni aibu nyingine, tuiache.

Mama hakuwa anajua kupika kidogo. Akipika chapati, zinapikwa kama tunangojea harusi, na mimi ndiye niliyetumwa kupeleka nyingine kwa Miss Diane, jirani wa mlango wa pili, katika bakuli la mama lenye kifuniko cha buluu. Miss Diane alikuwa mtu mwema sana. Baada ya siku moja au mbili angegonga mlango, bakuli limeoshwa linang'aa, na shukrani zisizokwisha. Mama angecheka naye, angefunga mlango, kisha angefunua kifuniko na kutazama ndani kidogo kabla ya kulirudisha kabatini. Kila mara. Nilijua anachotafuta. Mama alikuwa na macho makali kwa uchafu, na niliamini anakagua kama limeoshwa sawasawa. Nilimwonea aibu kwa hilo pia, kwamba hamwamini hata Miss Diane na sabuni. Siku moja nikamwambia, "Mum, it's clean."

"Naona," akasema, akalirudisha.

Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa Mkongo wa Bukavu, tukimwita Madamu Furaha, mwanamke mnene wa sauti kubwa aliyevaa skafu za rangi hata siku za theluji. Mwaka ule alitupeleka Ufaransa wakati wa likizo ya Pasaka. Tulijua mpango wote kabla ya kuondoka. Siku za mwanzo Paris, na siku ya mwisho tungepanda basi kwenda mashambani kuona makasri mawili ya zamani. La kwanza lilikuwa kubwa, la wafalme. La pili lilikuwa dogo, na mwenye nyumba angetutembeza mwenyewe, kwa sababu bado anaishi humo. Kosa langu lilikuwa kumweleza mama habari hiyo ya mwisho. Aliacha kusukuma chapati.

"Anaishi humo? Yeye mwenyewe?"

Nikamwambia ndiyo, ni bibi kizee, yuko peke yake.

"Na mnaenda kwake, watoto wote hao, mikono mitupu?"

Nilimweleza kwamba ni kama jumba la makumbusho, watu wanaingia kwa tikiti. Mama akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga.

"Tikiti ni ya mlango," akasema. "Mwenye nyumba utampa nini?"

Ndivyo kiondo kilivyoingia safarini. Kilikuwa kimesukwa na nyanya yangu, cha katani, chenye mistari ya damu ya mzee na kijani, na mkanda wa ngozi. Mama alitia humo majani ya chai ya Kenya, aina aliyokuwa akiificha nyuma ya unga ili wageni wa kawaida wasiimalize, pakiti mbili za sukari, na leso mpya ambayo bado ilikuwa ngumu kwa wanga wa dukani. Alitaka kuweka na mkate, akakumbuka utalala, akaniamuru ninunue huko huko. Nililia. Nilimwambia nitachekwa, kwamba hakuna mtu anayempelekea mwenye kasri sukari.

"Kwani yeye hanywi chai?" mama akauliza, na alikuwa anauliza kweli. "Utamsalimia kwa mikono miwili. Utampa kiondo. Usiniembarrass huko. Na kiondo urudi nacho, Mwende, umesikia? Usikiache."

Nilidhani anakipenda kwa sababu ni cha mama yake.

Siku ya makasri ilifika. Nilikuwa nimekificha kiondo chini ya sanduku siku zote za Paris, na sasa ilinibidi nipande nacho basi mbele ya watu wote. Nilikaa na Ashley. Ashley alikuwa msichana ambaye mwaka ule ningefanya lolote ili anipende. Alikuwa na nywele zilizonyooka na simu yake mwenyewe, na aliponiuliza kuna nini ndani ya ule mkoba mkubwa, nikamwambia ni sweta.

Kasri la kwanza silikumbuki vizuri, na nasikitika, kwa kuwa watu huvuka dunia kwenda kuliona. Nakumbuka ngazi za mawe zilizojizungusha, zimelika katikati kwa miguu ya watu, na kitanda cha mfalme kilichokuwa kifupi mno. Nakumbuka baridi ya kuta. Muda wote nilikuwa nawaza la pili. Nilijipa moyo kwamba pengine bibi ataumwa, au atakuwa malkia kweli, na mlinzi hatatukubalia kumsogelea.

Hakukuwa na mlinzi. Basi lilipita njia ya matope kati ya mashamba, likasimama mbele ya nyumba ya mawe yenye minara miwili, mmoja umepasuka na kufunikwa turubai. Mwanamke mwembamba alikuja akivuta buti za mpira, koti lake limetoboka kiwikoni, na mimi nikamtafuta mwenye nyumba nyuma yake. Kumbe ndiye. Alisalimiana nasi kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, hakumruka mtu. Alipofika kwangu nilimpa mkono mmoja tu, haraka, kama wenzangu, na kiondo nikakibana nyuma ya mgongo.

Alituonyesha ukumbi wa picha za mababu zake, na ndoo zilizopangwa chini kukinga maji ya paa. Alitueleza jinsi anavyozimwaga mwenyewe. Wenzangu walikuwa wanaguna, wengine wanapiga picha za ndoo. Nilikuwa nimeamua kimya kimya kwamba nitaondoka na kiondo kama kilivyo, nikamwambie mama hakukuwa na nafasi. Lakini Madamu Furaha alikuwa nyuma yangu, na mtu wa Bukavu akiona kiondo kimefungwa mdomo hahitaji kuelezwa.

"Mwende. Ile ni ya mama yako alituma?" akaniuliza kwa Kiswahili chao.

Alinishika bega.

"Usisikiye haya, mutoto wangu. Mama yako ni mutu muzuri. Leta ile kitunga."

Akapiga makofi, akawanyamazisha wote, akamwita bibi, akaanza kueleza kwa Kifaransa kirefu nisichokifuata. Nilisikia "maman" na nikasikia "Kenya". Nilikitoa kiondo kwa mikono miwili, kwa kuwa mikono yenyewe ilikuwa imefundishwa, nikatazama sakafu. Bibi alifungua. Alitoa chai, akainusa. Alitoa leso, akaikunjua na kuitupa mabegani juu ya lile koti bovu. Kisha akatoa pakiti za sukari, na mtu nyuma akasema, "Is that sugar?" Kicheko kikaanza kwa huyo, kikahamia kwa mwingine, kikafika kwa Ashley. Niligeuka kumtazama na nikaona amefunika mdomo kwa mkono.

"Ulisema ni sweta," akaniambia baadaye kwa Kiingereza chake, si kwa ubaya, na hilo liliniumiza zaidi.

Bibi alisema maneno machache, akainua kiondo na vyote vilivyokuwemo, akaingia nacho jikoni. Hakurudi nacho. Tulitembezwa vyumba vya juu, tukaonyeshwa bustani, na mimi kila hatua nikiwaza kiondo cha nyanya yangu. Kukiacha kulikuwa kumkosea mama. Kukidai kulikuwa kuchekwa mara ya pili na wenzangu. Tulipokwisha kuketi kwenye basi na dereva kuwasha injini, nilikuwa nimeshachagua kumkosea mama.

Ndipo bibi akatoka mbio. Alikimbia kwenye matope, buti zikimpwaya, leso ikipepea, kiondo kimemwelemea upande mmoja. Dereva akafungua mlango. Bibi alipita katikati ya viti hadi kwangu, akakiweka mapajani mwangu, akanishika mashavu kwa viganja vyenye baridi, akashuka.

Kilikuwa kimejaa vitunguu na viazi. Si vya dukani. Vitunguu vilikuwa vimesukwa kwa majani yao makavu, vingine vinaning'inia nje, na viazi vilikuwa na udongo mweusi uliomwagika kwenye suruali yangu. Basi zima lilicheka. Nilihisi uso unawaka. Nilikuwa na umri wa kujua jinsi Waafrika wanavyoonyeshwa kwenye televisheni, na vyakula vya msaada wanavyogawiwa, na nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba yule bibi alituona wenye njaa. Tumempa leso mpya, naye ametupa viazi. Nilimchukia. Nilimchukia na mama, na Madamu Furaha aliyekaa mbele akitabasamu peke yake na kusema, "Eh, bibi huyu!"

Nilivibeba mpaka Marekani kwa sababu moja tu, kwamba sikuwa na mahali pa kuvimwaga bila kuonekana. Ndani ya ndege kiondo kilikuwa miguuni pangu, nimekifunika koti, na harufu yake ikanizunguka kwa saa zote hizo. Ashley aliomba kubadilisha kiti akae kando ya rafiki yake mwingine.

Pale uwanja wa ndege wa Dulles, tukingoja masanduku, alikuja afisa na mbwa mdogo wa masikio marefu, amevalishwa kijikoti cha kijani. Mbwa alipita kwa wenzangu wote. Kwangu akaketi. Aliketi kwa adabu kabisa, akanitazama, na afisa akaniomba nimfuate, mbele ya darasa zima na walimu wao. Alinieleza kwa upole kwamba mazao yenye udongo hayaingii nchini. Aliuliza kama naelewa. Nikaitikia kwa kichwa haraka. Alikiinamisha kiondo juu ya pipa, na vitunguu vikaenda na majani yao, na viazi vikagonga chini kimoja kimoja, na mimi nikasikia mzigo unanitoka kifuani. Niseme kama ilivyokuwa: nilifurahi. Alinirudishia kiondo kikiwa chepesi, nami nikamwambia asante kwa moyo wangu wote.

Mama alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake ya maua madogo madogo na viatu vyake vyeupe. Alinikumbatia, lakini macho yake yalikwenda kwenye kiondo. Alikichukua begani kwangu akisema nimechoka, na alipouona uzito wake akakipima tena kwa mkono. Tulitembea hadi kwenye gari bila yeye kuniuliza lolote la Ufaransa. Alipofungua buti ya gari kuweka sanduku, alitazama ndani ya kiondo kidogo, haraka, kama alivyotazama bakuli la Miss Diane.

"Ulimpa?" akauliza.

Hapo nikapasuka. Nilimwambia yote kwa Kiingereza, nikilia na kamasi zikinitoka. Kwamba walinicheka. Kwamba bibi mwenyewe ni maskini, anakinga maji kwa ndoo, na bado alituona sisi ndio ombaomba. Kwamba alitujazia viazi na vitunguu kama watu wa njaa, na mbwa akaketi mbele yangu, na wamevitupa, na ni vizuri wamevitupa.

Mama aliushika mlango wa buti.

"Alikijaza?" akauliza.

"What?"

"Kiondo. Alikirudisha kimejaa?"

Nikamwambia kilijaa mpaka vingine vinaning'inia nje. Kwamba alikimbia nacho kwenye matope basi likiwa linaondoka.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Mama aliketi pale pale kwenye ukingo wa buti, na sare yake, na akaanza kucheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko. "Mwende," akasema. "Hata hakuambiwa. Alijua tu." Kisha akanieleza, taratibu, kama alivyowaeleza wazee wake wa kazini, jambo ambalo alidhani nimezaliwa nikilijua. Kwao chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa kitu, chombo kinarudi na chochote, hata chumvi, hata mahindi ya mkono mmoja, ili aliyekuletea ajue ameonwa kuwa mtu. Wala huwezi kumwambia mwenzio aweke kitu. Unangoja tu uone.

"Tangu nije nchi hii," akasema, "hakuna chombo changu kimerudi na kitu."

Nililiona lile bakuli la kifuniko cha buluu. Niliona mlango unafungwa, na mama anafunua, na anatazama, na mimi pembeni namwambia ni safi. Miaka yote hiyo hakuwa anatafuta uchafu.

Ghafla alisimama. "Hebu ngoja. Hawawezi kunipa hata kimoja? Kitunguu kimoja tu, nikioshe hapo hapo." Nilimsihi asiende. Alikwenda. Niliingia garini, na kupitia dirishani nilimwona akivuka barabara na kiondo mkononi, akiwa anatembea haraka kwa viatu vyake vya kazi, mpaka kwenye milango ambayo watu hutoka tu wala hawaingii, akamsimamisha afisa wa kwanza aliyemwona. Nilimwona akionyesha kwa mikono ukubwa wa kitunguu. Gari la akina Ashley likapita taratibu mbele yetu, nami, ambaye nilikuwa nimeelezwa kila kitu muda huo huo na nimeelewa kila kitu, niliteleza chini ya kiti mpaka kichwa kisionekane dirishani.

Mama alirudi. "Wamesema vinachomwa," akasema, akaingia garini. Aliweka kiondo mapajani, akatia mkono mpaka chini, akatoa ganda kavu la kitunguu, jembamba, rangi ya kahawia. Alilitazama mbele ya kioo, akalirudisha ndani, ndipo akawasha gari. Hakuniuliza kwa nini nimekaa sakafuni.

Jioni alimpigia simu dada yake, Aunty Mbithe, huko Kangundo, akamweleza habari za kasri. Hakugusa picha wala minara wala mfalme. Alimweleza kiondo. "Nakwambia kimejaa! Vitunguu vyenye majani yake! Na mzungu hajaambiwa na mtu." Kisha akaniwekea simu sikioni, macho yake yananing'ang'ania. "Mwambie Aunty. Anadhani naongeza chumvi."

"Ndiyo, Aunty," nikasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza sijui baada ya muda gani. "Kilijaa."

Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata shahidi wake. Nami nilisikia viazi vikigonga ndani ya pipa, na asante niliyomwambia yule afisa.

Mgeni aliyeniletea kiondo anarudi Kenya Jumapili na anapitia hapa kukichukua. Nimetia ndani dawa za mama za magoti, soksi za aina aliyoizoea kazini, na picha za wajukuu. Vilibakisha nafasi juu, kwa hiyo jana nilikwenda kwa mkulima anayeuza mazao yake kando ya barabara, nikanunua vitunguu vyenye majani na udongo wake. Mume wangu ananiambia watavichukua uwanja wa ndege wa Nairobi, na nadhani ni kweli. Nimevisuka hata hivyo, nikavipanga juu mpaka vingine vinaning'inia nje. Mama atakuja kupokea kiondo, na kama kitakuwa chepesi hatamuuliza mgeni vitu viko wapi. Atamuuliza kama kilipotoka kwangu kilikuwa kimejaa.